Chupa Sitini na Mbili za Kichiwa

Mgeni rasmi, Bwana Daktari Mchunguzi wa Sukari, Bwana Jumbe, Mchungaji, na ninyi nyote mliokaa juani kwa sababu kivulini hakukaliki: kamwene!

Risala hii inasomwa na karani Methusela, aliyechaguliwa kwa sauti yake, si kwa ushujaa. Karatasi ikitetemeka, ni baridi ya Juni.

UKARIBISHO

Karibu tena Kichiwa. Tumesikia gari lako limekwama mara moja tu tangu Makambako, kwa hiyo barabara nayo imeendelea. Tumesikia pia kwamba habari zetu zimeandikwa kitabuni huko Ulaya, na wataalamu wakubwa wanasoma mikojo ya Kichiwa kama sisi tunavyosoma Zaburi. Hatukutegemea heshima hiyo. Sisi tulidhani itamwagwa.

HISTORIA YA UCHUNGUZI

Mwaka 1952 ulisimama hapa hapa, na mkalimani wako akatangaza: "Bwana Daktari anatafuta watu wenye sukari. Kila mmoja alete mkojo katika chupa. Atakayeonekana na sukari atapewa blanketi, alale hemani aangaliwe."

Mgeni rasmi, wakati ule sukari ilikuwa kitu cha nyumba ya Mchungaji na sikukuu ya Krismasi. Mtu kuulizwa mbele ya jirani zake kama anayo, akajibu hana, ni aibu. Na blanketi lilikuwa zito, jekundu, lenye mstari mweusi.

Basi kila mmoja akaenda nyumbani kutafuta sukari yake.

Waliotia ya dukani walisikitika. Ulichemsha chupa zao na ile dawa yako ya buluu, ikabaki buluu, wakarudi na baridi yao. Waliotia asali waliona dawa ikigeuka nyekundu kama tofali. Habari ilifika mtoni kabla ya saa sita. Mzee Tarsis hakuwa na asali wala mkojo wa kutosha, akajaza chupa yake ulanzi wa asubuhi, ile pombe tamu ya mianzi. Ulimtazama kwa huruma kubwa, ukamwambia akae chini. Akakaa. Ukamuuliza anajisikiaje. Akasema, "Sijambo, Bwana, ila miguu inaona baridi." Akapata mawili.

Jioni ulihesabu wagonjwa sitini na wawili.

Hesabu ikiwa imefungwa, wa mwisho kabisa alikuja Hulda, mke wa Lameki, na chupa aliyoleta kama alivyoambiwa. Nyumbani kwake hakukuwa na mzinga. Dawa yako iligeuka nyekundu kwake pia, hata tukanong'ona, "Huyu naye asali kaiba wapi?" Lakini mablanketi yalikuwa yamekwisha. Hulda akapewa sindano.

MAFANIKIO

Hapo ndipo Bibi Esteria alipokuonyesha majani machungu ya bondeni. Alikuambia ni dawa ya kuku wanaosinzia. Mkalimani aliruka neno kuku.

Tuliyanywa, Bwana Daktari, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Hata mbwa walikuwa wakikimbia harufu. Ukasema atakayepona ataacha kunywa. Wiki ya tatu haijaisha, chupa sitini na mbili zikaja safi kama maji ya kisima. Ulitoa machozi. Sisi pia tulitoa, kwa sababu nyingine.

SHIDA

Jumatatu iliyopita mganga wa zahanati, Sila, alitueleza kwamba leo utatangaza mwisho wa sindano. Kwamba majani yetu yametosha, na dawa ya Hulda haitakuja tena kwa lori la Makambako.

Hulda alikuwa nyuma, amekaa na jembe lake. Aliinuka akamsogelea mzee Filemoni, akashika pindo la kile alichojifunika.

"Baba Filemoni, blanketi lako zuri?"

"Zuri, mwanangu. Linatunza joto."

"Sindano ikiisha, mtanizika nalo? Au mtaniazima tu?"

Tarsis alianza kucheka, akaacha.

Maana Hulda alikuwa anajua alichosema. Pasaka iliyopita lori lilikwama kwenye tope siku nne. Alikunywa majani mpaka sufuria ikakauka, akanywa na maji kama ng'ombe, na siku ya tatu alikuwa hawatambui wanawe, pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva mno. Alikuwa anasikia watoto wakimwita, ametuambia, kama watu walio ng'ambo ya mto. Lori lilipofika, Sila alimchoma sindano, naye akaomba uji. Habari zilipokufikia, wewe ulituandikia kwamba majani huchelewa kidogo kufanya kazi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, yale marobota unayoyatazama tangu ulipoketi, yaliyokunjwa mbele ya meza yako, si zawadi. Ni mablanketi yako. Yahesabu: yapo sitini na matatu, kwa sababu ya Tarsis aliyepata mawili. Tumeyafua. Mawili yameliwa na panya, tunaomba radhi.

Tunaomba uyachukue, ingawa ni Juni. Tunaomba uandike upya kile kitabu, useme kwamba Kichiwa kina mgonjwa mmoja, mizinga mingi, na kuku wazima. Tunajua kitabu kifupi hakina sifa. Kama lazima mtu aaibike, majina yetu unayo yote.

Na tunaomba lori liendelee kuja.

Mungu akulinde njiani, akupe kalamu ya kufutia kama alivyokupa ya kuandikia.

Ni sisi,
watu sitini na wawili wa Kichiwa tusio na sukari,
pamoja na Hulda, aliye nayo.

Kichiwa, Juni 1954