Kipande Kilichozimwa

Benchi la kona lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na wenyewe walilikalia kama urithi. Breki, dereva mstaafu, mguu wake wa kulia ulikuwa bado ukikanyaga pedali hata akiwa ameketi. Sindano, fundi cherehani, hakukosa uzi mabegani. Mwenye birika la kahawa aliitwa Shangazi na kijiwe kizima, ingawa shangazi wa kweli alikuwa wa mtu mmoja tu: binti aliyeandika programu za kompyuta, waliyembandika jina la Injinia. Asubuhi hiyo Injinia alifika mapema, akaketi ukingoni, simu kiganjani, kikombe hakukigusa.

— Mbona umenywea hivyo? Breki akauliza.

— Programu yangu imewashwa leo hospitalini, mzee wangu. Inawatumia wagonjwa ujumbe. Sasa ndani kuna kipande cha majaribio yetu ya ofisini. Hicho kikiamka, kila mgonjwa anaambiwa: "Jiandae, kesho unapasuliwa."

— Toba! Na umekiacha humo?

— Nimekizima. Nadhani.

Hiyo "nadhani" ndiyo iliyomnyima usingizi.

— Ungekikata, akasema Sindano. Kitambaa kikizidi, mimi natia mkasi.

— Nitakihitaji tena, baba. Lugha nyingine za kompyuta zina mkasi wake: unaweka alama, kipande kinatolewa hata kabla programu haijatengenezwa. Java, lugha ninayoandikia, haina. Kwa hiyo unaandika swichi, jina moja lenye jibu lisilobadilika: kweli au si kweli. Ukisema si kweli, kompaila, yaani ile inayogeuza maandishi yangu kuwa programu, inaona kipande hakifikiki, inakiacha nje.

— Basi yamekwisha!

— Hayajaisha. Swichi iko faili moja, kipande kiko faili jingine. Hilo jingine lilinakili jibu siku lilipotengenezwa. Usipolitengeneza upya, linashikilia jibu la zamani, kweli, na kipande kinaamka. Na mimi jana, kwa uchovu, nadhani nilitengeneza lile la swichi peke yake.

Breki akapiga paja.

— Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Kwa hiyo kimbia! Kakate umeme wa hospitali!

— Na walio kwenye mashine? Sindano akamkemea. Tuma ujumbe wa pili: "Msijiandae."

— Wa tatu useme wa pili ni wa uongo, Breki akadakia, ili wachanganyikiwe wabaki nyumbani!

— Bora upasue wote kweli, ujumbe usionekane wa uongo. Maji yakimwagika hayazoleki, basi mwaga na yaliyobaki!

— Nyamazeni! Shangazi akasema. Mnamzidishia hofu mtoto wa watu.

Hapo simu ya Shangazi ikalia ndani ya kanga. Yeye naye alikuwa mgonjwa wa presha wa hospitali ile ile. Mguu wa Breki ukasimama kwa mara ya kwanza tangu astaafu.

— Soma wewe, mwanangu. Miwani nimeiacha.

Injinia akaipokea kwa mikono miwili. Herufi zilimchezea kidogo kabla hazijatulia.

— "Kliniki yako ya presha ni Jumatano asubuhi. Karibu."

— Sipasuliwi?

— Hupasuliwi, shangazi!

Akamwangukia shingoni, birika likayumba. Bado wamekumbatiana, simu ya Injinia ikaita. Ni mwenzake wa ofisini.

— Dada, jana ulipoondoka nilifuta vyote vilivyotengenezwa, nikatengeneza upya toka mwanzo. Nilikuona umechoka, nikaogopa faili la zamani. Samahani sikukuambia.

— Samahani ya nini, kaka! Mungu akuweke!

Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Sindano alikuwa anacheka, Breki anampigia makofi kompaila kana kwamba yuko hapo, Shangazi anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mchukuzi mmoja mgeni akatua mzigo wake, akaomba nafasi benchini.

— Furaha yote hii, jamani, kumetokea nini?

Breki akamtazama Sindano. Sindano akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Injinia.

— Hakuna, akasema Injinia, machozi na kicheko vikigombania uso wake. Hakuna kilichotokea kabisa.