Bi Liao Su-hsueh na Somo Lililoanza kwa Aibu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, Bi Liao Su-hsueh anastaafu kutoka wodi yetu ya huduma shufaa hapa Chiayi, inayowatunza wagonjwa wasiotarajiwa tena kupona. Wengi mnamjua kwa sauti inayosikika hadi kwenye lifti, na kwa kuwapokonya madaktari vijana kahawa na kuwapa uji wa mchele.

Tulipomuuliza tuandike nini hapa, tulitarajia ataje tuzo zake. Akasema, "Andikeni habari ya Mzee Khu. Na msiitie sukari."

Miaka kumi na moja iliyopita alikabidhiwa kazi ya kupanga utafiti mdogo: kuona kama inawezekana kuwafundisha wagonjwa wenyewe maana ya huduma hii, kwa namna inayoendana na mila zetu. Wangekubali kuja? Wangesikiliza hadi mwisho? Bi Liao alichukua kijitabu cha ng'ambo, akakitafsiri, akaweka picha ya yungiyungi kwenye jalada, akaridhika kwamba mila zimeshaingia humo. Kisha akaenda kukijaribu kwa Mzee Khu, muuza nyama ya nguruwe sokoni, aliyekuwa na saratani ya tumbo.

Alimsomea kwa sauti yake ileile, wodi nzima ikisikia: muda uliobaki ni mfupi, ungependa kufia wapi?

Mwana wa mzee, A-hong, alikuwa amesimama pale na bakuli la supu. Watoto walikuwa wamemwambia baba yao ana vidonda vya tumbo tu.

"Mimi najua siku nyingi," mzee alisema taratibu. "Ila wao hawakujua kama najua. Sasa tutatazamanaje?"

A-hong aliweka bakuli chini. "Dada, umetuvua nguo mbele za watu."

Bi Liao alitoka hana pa kuuficha uso. Alimwomba mkuu wa wodi ampe mwingine kazi hiyo. Mkuu akamwambia akaombe radhi kwanza.

Mzee alikuwa amesharudi nyumbani. A-hong alimfungulia Bi Liao mlango, lakini hakumkaribisha. Sauti ikatoka ndani: "Mwache apite! Kati ya wote, huyo peke yake ndiye hajanidanganya. Adabu hana, lakini hajanidanganya."

Bi Liao aliinama mbele yao wawili, machozi yakamtoka. Mzee akasema anataka kukata roho sebuleni, mbele ya madhabahu ya wazee wake. A-hong alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Naye akatoa lake: "Nikikuweka nyumbani bila matibabu, majirani watasema nimemtupa baba yangu."

Bi Liao alipanga kila kitu upya. Somo likahamia majumbani, kwa Kitaiwani wanachozungumza nyumbani, pamoja na familia. Mgonjwa huulizwa kwanza anataka kujua kiasi gani, na kutoka kwa nani. Hofu ya maneno ya majirani nayo huzungumzwa waziwazi. Familia tulizodhani zingefunga milango ziliita hadi mashangazi. Mzee Khu alifia sebuleni, A-hong akimshika mkono.

Tangu hapo Bi Liao humsimulia kila muuguzi mpya mkasa huu, na kila mara uso humwiva kwa aibu. Mwezi uliopita mmoja alimuuliza kwa nini hajazoea.

"Nikizoea," alijibu, "nitamfanyia mwingine."

Bi Liao, asante kwa kutufundisha kubisha hodi. Kapumzike, ule ushibe, na miaka ijayo ikutendee wema.