Majani Ambayo Mama Peterson Hakuyafagia

Ijumaa, 30 Mei 2025. Manyunyu tangu alfajiri, upepo mdogo kutoka kusini. Leo Bi. Zipporah Kaingu, Mama Peterson wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika hifadhi ya magofu ya Kwa Lewa, nje ya Malindi.

Alianza kama mfagizi. Mkono wake ulijulikana: alipopita yeye, mchanga ulibaki na mistari ya ufagio kama mkeka mpya. Mwaka 1998 alisikia kwamba wageni wanakuja kumtazama ndege adimu anayehamia kwetu kila mwaka kutoka kusini, yule wa kifua cheupe chenye madoa meusi. Akawahi mapema, akausafisha msitu wote ulio nyuma ya magofu. Wageni walikuta usafi mtupu. Ndege huyo hula wadudu walio chini ya majani makavu, na majani yote yalikuwa yamekwisha kuchomwa.

Hakuonekana, wala mwaka uliofuata. Mama Peterson aliumia, kisha akaomba msitu usifagiwe tena. Mama mkwe wake alipita siku moja akacheka: "Mkaza mwana, kwangu wafagia hata kivuli, kazini walimbikiza taka!" Alivumilia.

Msimu wa nne ndege alirudi, na mfagizi akawa kiongozi wa wageni. Sote ametufundisha. Njoo kati ya Mei na Oktoba, asubuhi iliyotanguliwa na mvua. Simama penye kivuli kizito na usimtafute juu. Yuko chini, apekua majani. Amemzidi shore wa bustanini kidogo kwa umbo. Bawani ana mistari miwili ya vidoa vyeupe, shavuni alama nyeusi. Akikuona huganda, nawe ganda. Mwambire wa lango la tiketi, kwa maneno yake mengi, aliachwa nyuma kila mara asimfukuze ndege, na bado analalamika.

Mwaka huu ndege alichelewa. Sote tulijua anachohofia Mama Peterson: kuondoka bila kumwona. Leo asubuhi aliingia msituni na Cynthia, anayepokea kazi yake. Cynthia ndiye aliyemwona kwanza. Alimshika mama mkono tu. Walisimama hapo mpaka nguo zikalowa.

Asante, Mama Peterson. Tunakuombea afya, wajukuu wasikivu na mvua ya kutosha shambani kwako Marafa. Huku usiwe na wasiwasi: Cynthia keshajua pa kusimama.