Malipo ya Vigae vya Maktaba

Siku chache kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ambayo Wakorea hurudi kwao, ndani ya basi la jiji la Daegu, Tak Mi-ryeong, mkandarasi mdogo wa vigae, alisoma ujumbe wa benki akaangua kicheko, machozi yakimtoka.

"Kuna heri, binti?" akauliza mzee wa kiti cha pili.

"Heri tupu, mjomba! Jiji limembana mkandarasi mkuu, ameachia malipo yetu ya maktaba. Mafundi wangu hawataenda kwao mikono mitupu."

"Akikuita tena?"

"Nitakwenda."

"Wewe! Aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona unyasi."

"Nishtuke, halafu nile nini? Safari ijayo jiji litanilipa moja kwa moja, bila kupitia kwake."

"Litakulipa, au limesema litakulipa?"

Basi likasimama. Mi-ryeong akashuka mbio, simu sikioni: "Waambie wote, zimeingia!"