Kocha Dewitt Purvis, Aliyejiita Vernon

Mchungaji, majirani, wanafunzi wa zamani wa Kocha, na ninyi nyote mliofunga maduka asubuhi hii mkaja kukaa nasi, familia ya Purvis imemteua Nadine, binti mkubwa wa marehemu, awasomee safari ya baba yake, na mama yake, Ouida, amemwagiza asiruke kitu, hata lile ambalo mji mzima unalijua na hakuna anayelitaja tukiwapo, kwa hiyo hataliruka.

Marehemu Dewitt Alvin Purvis alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa Harlow Springs, Alabama, katika nyumba ya mbao nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Alvin Purvis, fundi wa mashine za kiwanda hicho, na bibi Lurleen, ambaye alisimulia hadi kufa kwake kwamba mtoto huyu alikuja na uzito wa ratili kumi na moja, na kwamba mkunga alipomwinua alisema, "Huyu msimfunze kutembea, mfunzeni kusukuma."

Alisoma hapahapa mjini hadi Mei 1964, akicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa na kurushwa kwa mikono, katika mstari wa mbele, kazi ya kuwasukuma watu ili mwenzako apite na mpira apigiwe makofi yeye, kisha Septemba mwaka huohuo akajiunga na Chuo Kikuu cha Tensaw, ambako alivaa jezi ya Korongo, timu ya chuo hicho, kwa misimu minne na kucheza dakika kumi na moja kwa jumla, alizihesabu mwenyewe, akahitimu ualimu wa historia Juni 1968. Mtu mwingine angekichukia chuo kilichomweka benchi miaka minne, lakini yeye alikipenda kupita wale waliocheza, na tangu hapo hakuna Jumamosi ya msimu wa mpira iliyopata harusi, kipaimara wala mazishi ya kumtoa mbele ya Korongo wake.

Kuanzia Agosti 1970 hadi Mei 2004 alifundisha historia na mpira katika sekondari ya mji wetu, akatwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1983, na wote mliopita mikononi mwake mnaikumbuka sentensi aliyoandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo: yadi moja haiombwi, inachukuliwa. Hakuwa na upendeleo, hilo tumpe, maana Oktoba 1993 alimweka benchi mwanawe mwenyewe, Coy, mrushaji wa timu, kwa kuchelewa mazoezi dakika nne, timu ikafungwa, na mama alipomlaumu akasema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Alifunga ndoa na Ouida Mae Stallings Jumamosi tarehe 12 Juni 1971 katika kanisa hili, mwezi ambao mpira haupo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nadine, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1973, na Coy, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1976 na kupewa mpira wa ngozi kabla hajapewa nepi za kutosha. Baba na mwana hao walikuwa na lugha yao, walipanga vijiko na vikopo vya chumvi mezani wakiviita walinzi na wakimbiaji, na mama alizoea kuokota jibini chini kwa sababu jibini ndilo lililokuwa goli.

Januari 2010 Coy aliajiriwa na Tensaw kuwa kocha wa mashambulizi, yaani yeye ndiye aliyeamua kila mara kama mpira ukimbizwe au urushwe, na siku habari zilipofika marehemu alitoka nje akasimama kwenye bustani ya maharage, akalia kwa sauti, hakujali nani anapita. Tangu siku hiyo hakuweza tena kubishana pale mkahawa wa Ruby kama zamani, kwa sababu kila akifungua mdomo wenzake walimkata, "Kocha, wewe nyamaza, wewe ni baba wa mshtakiwa," na mtu aliyebishana miaka arobaini hanyamazi kirahisi.

Ndipo alipozaliwa Vernon. Kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni, katika kipindi cha redio cha Skip Ledbetter, mtu aliyejiita Vernon wa Cotter Hill alipiga simu, sauti ameibana puani, na kumtetea Coy kwa hoja zilizonyooka, akieleza kwa nini mpira ulirushwa pale na kwa nini mkimbiaji alipumzishwa kule, na wengine wakimtukana yeye anawajibu taratibu kwamba wasubiri waone. Huko Tensaw, Coy alimsikiliza garini akirudi nyumbani, na Nadine anakumbuka alivyomwambia, "Dada, jimbo zima hili kuna mtu mmoja tu anayenielewa, na hata simjui." Misimu minne Coy aliendeshwa na sauti hiyo, na misimu minne marehemu alikula chakula cha Jumapili meza moja na mwanawe bila kumwambia.

Tarehe 28 Desemba 2013, kule Mobile, Korongo walicheza fainali ya Kombe la Pekani, na nusu ya mliomo humu mlikuwepo na mvua ile mnaikumbuka. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, tuko nyuma ishirini kwa kumi na saba, jaribio la nne na la mwisho, yadi moja kufika golini, na Tavares Mabry, mkimbiaji bora kuwahi kuvaa jezi yetu, amesimama nyuma ya mrushaji akisubiri. Uwanja mzima ulipiga kelele apewe Mabry. Coy akaagiza mpira urushwe, mlinzi wa wapinzani akaunyakua, na mchezo ukaishia hapo.

Kesho yake baada ya ibada mkahawa wa Ruby haukuwa na kiti, vimikate laini vya biskuti vikapoa kwenye mchuzi wa soseji watu wakigombana.

"Una Mabry halafu unarusha? Una nyundo, unapigilia msumari kwa kijiko?" alisema Hoyt Grissom, rafiki wa marehemu tangu utoto.

"We Hoyt, wote walijua anapewa Mabry, walijazana pale kati kama nyuki. Kule pembeni kulikuwa wazi," alisema Delbert wa posta.

"Wazi ndiyo, na mpira ukaenda kwa nani? Delbert, hata mkeo hukubaliani naye, leo unakubaliana na huyo!"

"Mwacheni kijana. Mshambulieni kocha mkuu," alisema mwingine.

"Kocha mkuu hajui hata siku ya wiki. Kocha, na wewe sema basi, leo tunakuruhusu!" Hoyt alimgeukia marehemu.

Marehemu alikuwa amekaa mwishoni mwa meza, akafuta mdomo, akasema ana kiungulia, akaondoka. Yote aliyotaka kusema aliyaweka akiba, na lau angeinua simu jioni hiyo akamuuliza mwanawe swali moja tu, kwa nini, haya yanayofuata yasingesomwa leo.

Jumatatu tarehe 30 Desemba, saa kumi na mbili na robo jioni, mama akiosha vyombo na redio ikiwa dirishani, marehemu aliingia stoo ya chakula na mkono wa simu ya ukutani, akavuta mlango juu ya waya wake, na Vernon wa Cotter Hill akaingia hewani. Alisema kijana huyo hajui mpira na hajawahi kuujua, alisema amemvumilia misimu minne, na alisema, "Skip, wamfukuze kabla ya mwaka mpya, na wakimwonea haya, basi mimi simwonei." Kila anayepiga simu redioni huambiwa kwanza azime redio yake, maana sauti hutangulia simuni na kurudi redioni sekunde kadhaa baadaye, na mtu aliyepiga misimu minne alilijua hilo kuliko Skip mwenyewe, lakini siku hiyo hasira ilimsahaulisha.

"Vernon, punguza redio yako bwana, tunakusikia mara mbili," Skip alimwambia.

Mama naye alikuwa anamsikia mara mbili, mara ya kwanza nyuma ya mlango wa stoo na mara ya pili dirishani, akaufungua mlango akiwa na povu mikononi, na kilichofuata jimbo zima lilikisikia. "Dewitt! Ni mwanangu huyo unayemsema? Dewitt, unamsema Coy?"

Skip, aliyetangaza kwa miaka thelathini, akauliza polepole, "Kocha Purvis? Ni wewe?" na simu ikakatika.

Coy alikuwa garini, nje ya duka la vyakula, na maziwa ya watoto kwenye kiti cha pembeni. Alimwambia Nadine usiku huo kwamba kufukuzwa alikutarajia tangu Mobile, matusi alishayazoea, ila siku ile alipoteza watu wawili kwa mpigo, baba na Vernon, na akasema kikulacho ki nguoni mwako. Magazeti yaliandika kwamba hata baba yake hamtaki, na Jumatatu tarehe 6 Januari 2014 mkuu wake alimwita ofisini, akamuuliza atamteteaje mtu ambaye baba mzazi ameshamhukumu, akamwachisha kazi. Coy alihamia Oklahoma na mkewe na watoto, anafundisha timu ya sekondari huko, na hakuna chuo kilichomwita tena.

Familia inakiri kwamba marehemu hakuomba radhi. Alisema mpira ni ukweli na ukweli hauna mtoto, akalisema mwaka wa kwanza, akalisema wa tano, na bintiye anayewasomea alimjibu, na anarudia hapa mbele ya jeneza lake, kwamba angeyasema kwa jina lake tungemwita mkali tukamaliza, lakini aliyasema kwa jina la mtu asiyekuwepo, kisha akala biskuti za mama Jumapili iliyofuata. Mama alihamia chumba cha Coy na hakurudi chumbani kwake tena.

Marehemu aligundulika na saratani ya kongosho tarehe 2 Septemba 2024, akalazwa hospitali ya Montgomery mara tatu, na tarehe 4 Januari mwaka huu alitembelewa wodini na Tavares Mabry, ambaye sasa ni mwalimu wa michezo na ameketi pale nyuma, naye ameturuhusu tuseme. Alimshika mkono akamwambia, "Mzee, siku ile ya Mobile nilikuwa nimevunjika vidole viwili. Nisingeweza kushika hata kikombe. Na mwenzangu wa akiba alishatolewa kwa kuumia bega. Nilimwomba Kocha Coy asimwambie mtu, maana wale wa timu za kulipwa walikuwa wananitazama. Akanisimamisha pale niwadanganye tu wapinzani, akarusha. Mimi nikapata kazi kwenye timu hizo, yeye akapoteza yake, na hakunidai hata asante."

Nadine alikuwepo wodini. Baba yake alimuuliza Mabry ni vidole gani, akaonyeshwa, akavigusa kimoja kimoja. Kisha akasema, "Leteni simu Jumatatu," na sisi tukafurahi, mama akafurahi, kwa sababu tulidhani tunajua atampigia nani.

Jumatatu tarehe 6 Januari, saa kumi na mbili jioni, alimpigia Skip Ledbetter. Alitaja jina lake kamili kwa msichana anayepokea simu, akaambiwa kuna watu tisa mbele yake wanaobishania mpango wa mashambulizi wa msimu ujao, akasubirishwa dakika arobaini na tatu na simu kifuani, anapumua kwa shida, anakataa kuiachia, na kipindi kikaisha kabla ya zamu yake. Nadine alimwambia, "Baba, mpigie Coy mwenyewe, sasa hivi, nakubonyezea." Alitikisa kichwa, akasema lilitendeka mbele ya watu, lazima lisemwe mbele ya watu, atajaribu wiki ijayo. Jumatatu iliyofuata hakuwa na sauti, na Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, alifariki, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Hata kutubu alitaka kutubia redioni.

Basi kwa kuwa hakufika hewani, familia inalisema hapa mbele ya watu: Coy Purvis alikuwa sahihi siku ile ya Mobile, na baba yake alikufa akilijua hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Montgomery, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyemshikia simu mkono ulipochoka, tunawashukuru walimu wenzake wa zamani, majirani walioleta bakuli nyingi za tambi na jibini hadi tukaazima friji, na wanaume wa mkahawa wa Ruby waliochimba kaburi lake kwenye baridi, hata wale waliosaini karatasi ya kutaka Coy aondoke, kwa sababu ninyi mlisaini kwa majina yenu.

Coy yupo hapa, safu ya pili kushoto. Juzi mezani aliulizwa kama ana neno la kuongeza katika historia hii, akakoroga kahawa iliyokwisha poa, kisha akasema, "Dada, andika kwamba namba yangu ya simu ni ileile tangu mwaka 2003, na baba alikuwa nayo kichwani."

Imeandikwa, Coy, na imesomwa. Nenda ukapumzike, baba.