Basi Lililochelewa Kufika Mbaha

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1956, Mzee Mansuetus Kapinga, msimamizi wa njia ya basi la Serikali kutoka Mbinga, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Nimefanya naye kazi kama karani wa kituo tangu vita vilipokwisha, na wenzangu wameniomba nimwandikie maneno haya.

Alianza kwa sururu, akichimba barabara ya Songea pamoja na vijana wengine wa Umatengo. Baadaye alifundishwa udereva, akapewa lori la Serikali lililowekewa mabenchi, ambalo watu wote waliliita basi. Abiria wake wa zamani wanakumbuka kwamba kila alipofika darajani alisimamisha gari, akashuka, akainama kutazama chini ya magogo. Kwa kuinama huko walimbandika jina la Padre wa Madaraja. Wanakumbuka pia mbuzi aliyefungwa nyuma ya benchi la mbele, akaila kofia ya ukindu ya katekista nzima nzima kabla ya kufika Mbinga. Katekista alidai kofia, mwenye mbuzi akadai mbuzi wake ameumwa tumbo, na Mzee Mansuetus akawasuluhisha kwa kuwakalisha benchi moja hadi wakacheka.

Lakini jambo ambalo sisi wenzake tutalisimulia zaidi si la kuchekesha.

Mwaka 1950 Serikali ilitoa fedha za kuirefusha njia ya basi, itoke kijiji cha Ruanda, juu mlimani, ilipokuwa inaishia, iteremke hadi Mbaha kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Wakati huo huo mteremko wa Ruanda ulikuwa unaliwa na mvua, wala hapakuwa na fungu la kuutengeneza. Bwana DC akaitisha baraza Mbinga, akamwomba msimamizi wa njia atoe maoni yake.

Mzee Mansuetus alisema fedha zigawanywe, na mteremko utengenezwe kwanza. "Shamba la mlimani lisilo na ngolo, mvua inalichukua lote," alisema, akimaanisha yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji yasikimbie na udongo. "Tukiirefusha njia bila mitaro, tutakuwa na njia ndefu isiyopitika."

Akasimama Mama Bonifasia, mwuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbaha, aliyepanda mlima kwa miguu ili kuhudhuria.

"Bwana Kapinga, ninyi wa juu basi mnalo. Sisi wa ziwani tungoje mpaka lini?"

"Mpaka mitaro iishe, mama. Labda masika mawili."

"Masika mawili ni rahisi kuyasema ukiwa umekaa ndani ya gari," akajibu Mama Bonifasia, akaketi.

Serikali ilimsikiliza msimamizi wake. Mitaro ikachimbwa, kuta za mawe zikajengwa, na watu wa ziwani wakaendelea kupanda kwa miguu.

Katika masika ya pili, Ottilia, mdogo wake Bonifasia, alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto akakataa kutoka. Wanaume wa Mbaha walimbeba kwa machela wakiliwahi basi la Ruanda. Alifia njiani pamoja na mtoto wake, mahali ambapo siku hizi basi linapita bila hata kupunguza mwendo.

Habari zilipofika kituoni, Mzee Mansuetus aliinuka. Alichukua koti lake, akateremka kwa miguu hadi Mbaha. Mimi nilimfuata. Tulimkuta Mama Bonifasia uani kwa marehemu.

"Umekuja kupima barabara?" akamwuliza.

"Nimekuja kuzika, mama."

Mama Bonifasia akamwonyesha walipokuwa wanaume. Mzee Mansuetus alipokea jembe, akachimba kaburi pamoja nao. Hakumweleza mtu yeyote habari za mitaro.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia kwamba bila mitaro mteremko ule ungekuwa umekwisha kuanguka, na basi lisingefika hata Ruanda. Akanijibu, "Najua. Kwa barabara sikukosea, Egidi. Lakini Ottilia hakuwa barabara."

Juma lililofuata alikwenda Songea kuomba ruhusa ya kufyeka njia nyembamba kutoka Ruanda hadi ziwani, ili gari dogo la idara liweze kuteremka kuwachukua wagonjwa. Aliruhusiwa. Njia ile ilitumika mpaka basi lenyewe lilipofika Mbaha mwaka 1953, na tangu lifike, hakuna masika yaliyolizuia. Sisi wenzake bado tunabishana kama alichagua vema. Yeye hajawahi kuingia katika ubishi huo.

Mwaka jana swali lilirudi. Abiria walikuwa wamezidi, na baraza likaambiwa fedha zilizopo zinatosha ama basi la pili, ama kikosi cha kudumu cha kutunza njia. Mzee Mansuetus akaulizwa tena.

"Bwana DC, nilishachagua mara moja," alisema. "Safari hii sichagui. Njia inataka vyote viwili, na anayeambiwa angoje ni mtu. Naomba Serikali iseme yenyewe nani angoje."

Kisha Mama Bonifasia akasimama, tukadhani anakuja kumshtaki.

"Mimi nilingoja," alisema. "Anachosema Baba Kapinga ni kweli. Tupeni vyote."

Serikali ikaongeza fedha, na basi la pili likaja mwaka huo huo. Kikosi cha kudumu kimeanza kazi mwaka huu, na vijana wake wamefundishwa na Mzee Mansuetus mwenyewe.

Sasa anarudi kwenye kahawa yake na kwa mkewe, Mama Gertruda, ambaye amesema wazi kwamba nyumbani hakuna daraja la kukagua. Kabla ya hapo, familia ya marehemu Ottilia imemwalika Mbaha kula nao sikukuu ya Mwaka Mpya, naye amekubali.

Mzee wetu, asante kwa kazi, na asante kwa yale uliyoyabeba bila kutuambia. Mungu akupe afya, kahawa izae, na miguu ipumzike. Nenda salama Mbaha, wanakungoja.