Fundi Kidole Anaondoka Bila Ringi

Fundi wetu wa matairi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufungua na kufunga magurudumu ya watu. Muda wote huo amekuwa na hamu ya kitu kimoja tu, ringi kuukuu ya gari iliyowahi kupakwa rangi ya fedha, na anaondoka bila kuipata. Nalisema hili mapema, ili asije akafika kwa wajukuu zake akaanza kuwahadithia mengine.

Karani wa ofisini alikuwa ameshaandika wasifu wake. Ulijaa uadilifu na uchapakazi, ungeweza kumsomea hata mlinzi wa makaburi na asijue kuwa si wake. Nikamwambia auweke kabatini. Mimi ndiye ninayepika chai katika karakana hii, mstaafu nimemjua angali ana nywele, na shule yangu hiyo ndogo inatosha kuandika ninachokijua.

Alikuja hapa mwembamba kama spoku ya baiskeli, mdomo mkubwa kuliko yeye. Jina la Kidole alilipata wiki ya kwanza, kwa tabia yake ya kupitisha kidole gumba juu ya tairi kama mama mkwe anayetafuta vumbi kwenye kabati la mke wa mwanawe. Mpaka leo haamini mtu wala kipimo, lazima kidole kipite kwanza. Kimebanwa na jeki, kimeungua, kimechomwa na waya, na bado kinajiona daktari.

Makosa anayo, tena ya kupendeza. Kuna matairi yana mshale ubavuni wa kuonyesha yazungukie wapi. Mwaka fulani alimfungia bosi ya namna hiyo, mapya, yote manne mshale ukitazama nyuma. Alipoitwa ofisini akajibu, bila hata kufuta mikono, kwamba amemwangalia bosi kwa muda mrefu na ameona kwa kawaida yake huwa anarudi nyuma. Alipewa adhabu ya kuosha karakana nzima peke yake. Akaiosha huku akipiga mluzi, na mluzi huo ukawa adhabu yetu sisi wengine.

Siku nyingine alilala ndani ya lundo la matairi ya lori, mteja akaliegemea, lundo likakoroma. Mteja yule hakurudi tena.

Lakini kilichompa jina hapa mjini ni mambo ya koni. Kwa wageni wa sherehe yetu nieleze. Mara chache kwa mwaka, Jumapili, watu wazima wenye akili zao hukusanyika kwenye uwanja wa ghala lililofungwa, wakapanga koni za plastiki, na kila mmoja kwa zamu yake akazipita kwa gari, akikata kona huku na huku, mwenzake akiwa ameshika saa. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Mwenye muda mfupi kuliko wote anapewa ile ringi, anakaa nayo mpaka mashindano mengine. Siku ya mchezo huirudisha uwanjani, nami huiwekea mkaa ndani na kutegesha birika juu yake mpaka mshindi apatikane. Kwa hiyo wanachogombania wanaume hawa, na wanawake wawili watatu, ni jiko langu.

Sheria kubwa ya mchezo aliitunga Kidole mwenyewe: tairi ulilojia kutoka nyumbani ndilo utakalochezea. Hakuna kubadilisha uwanjani. Alisema mchezo huu ni wa watu wanaoamka Jumatatu kwenda kazini, anayetaka kubeba matairi mengine kwenye buti akatafute mchezo wa matajiri.

Basi watu wakawa wanakuja karakana wakitaka tairi la bei nafuu litakalowapeleka kazini wiki nzima, na Jumapili ya koni ling'ang'anie kona kama mjusi ukutani. Na kila mmoja, kabla hajaketi, ameshanyoosha kidole kwenye yale ya mashindano, laini, mpira unanata kama ulimbo, mifereji yenyewe haba kama meno ya kichanga. Kidole humsikiliza mpaka mwisho, halafu humuuliza swali moja, hilo hilo miaka yote: kiti cha nyuma anakaa nani?

Watu walichukia swali hilo. Wamekuja kuongea mambo ya mwendo, wanaulizwa habari za mama zao. Mkunga mmoja alimjibu kwamba kwake inategemea, kuna siku anapanda mmoja wanashuka wawili. Huyo alichaguliwa tairi kwa dakika chache na hajawahi kulalamika.

Uchaguzi wake haukuwa na uchawi. Alitaka mpira wa kati, mgumu wa kutosha kumaliza safari nyingi, laini wa kutosha kuuma lami. Mifereji mirefu ya kutoa maji. Ubavu uliokaza usiojikunja kwenye kona. Yale ghali kuliko yote aliyakataa kwa sababu nusu ya bei ni jina, na yale ya bei ya kutupa aliyakataa kwa sababu hata jina hayana. Alisoma tarehe ubavuni, maana tairi lililolala stoo miaka mingi huwa biskuti. Mwenye mfuko mwembamba alimwambia achukue jipya la kawaida, yote manne ya aina moja, asiguse la mashindano lililokwisha kutumika na mwenzake. Kisha akamwambia apime upepo, kwa sababu mwendo mwingi anaoutafuta dukani umo kwenye pampu, na pampu hailipiwi. Waliomkaidi walirudi wakivutwa kwa kamba, naye akawahudumia kwa adabu yote, akipiga mluzi.

Yeye mwenyewe alitumia matairi hayo hayo ya kati, na kwa matairi hayo shemeji yake alimshinda kila mara. Shemeji huyu, kaka wa mkewe, ni fundi wa kupaka magari rangi, mtu wa majigambo. Ringi ile aliiweka sebuleni kwake, na ndugu wakikutana huweka miguu juu yake mbele ya Kidole, akauliza kama kuna mtu anataka kuifuta vumbi. Miaka na miaka. Mkewe Kidole akawa hapiki nyumbani siku inayofuata mchezo, anajua hakuna wa kula.

Sasa mashindano ya mwisho kabla hajastaafu. Bosi, kwa kumpenda, alimpa zawadi mapema: matairi manne laini ya mashindano. Kidole aliyafunga Jumamosi mchana, akajifanya kama hatumwoni. Hata mluzi hakupiga. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho akiwa bado fundi wetu, na kila mtu alijua, hata shemeji aliyesikia na kuacha kucheka.

Jumapili kukapambazuka mvua. Sheria ni ile ile, tairi ulilojia. Akanipitia kama kawaida na vikombe vyangu na birika. Mimi hukaa nyuma, kwa sababu kiti cha mbele anakaa jeki. Nilikuwa nimepakata galoni la maziwa. Tulipofika kwenye mzunguko kulikuwa na dimbwi pana, na gari likaelea kama sabuni kwenye sakafu. Kidole akazungusha usukani, gari likaendelea kwenda linakotaka lenyewe. Tulikwenda kusimama kando ya mtaro, tairi moja juu ya ukingo, mimi nimeoga maziwa mpaka viatuni. Nilimwambia maneno ambayo karani ameyaondoa kwenye karatasi hii.

Alikaa ameshika usukani, mvua inapiga bati, akanitazama kwenye kioo. Kisha akauliza taratibu, kama anayemuuliza mteja:

“Kiti cha nyuma anakaa nani?”

Akageuza gari, tukarudi karakana kwa mwendo wa kinyonga. Nilipoona anatafuta funguo za stoo nikajua anataka nini. Nikamwambia aache upuuzi, anishushe hapo hapo, nitapata gari lingine, yeye aende akachukue ringi yake au akavunjike shingo peke yake. Alikuwa ameshapiga goti lake bovu, spana mkononi.

“Nikikushusha, dada, nitakuwa nimebadilisha abiria. Tairi litakuwa ni lile lile.”

Akafungua yote manne, akarudisha yale yake ya siku zote.

Tulifika uwanjani tumechelewa, na jua limetoka. Ilipofika zamu yake lami ilikuwa kavu kama kikaango. Kila aliyekuwepo alijua kwamba kwenye ukavu ule matairi ya bosi yangemfutia aibu yote ya miaka. Shemeji alijua kuliko wote, akatazama matairi yaliyokuwa kwenye gari, kisha akanitazama mimi na gauni langu la maziwa.

Kidole aliendesha vile sijawahi kumwona. Kona kwa kona gari lilimtii kama mtoto aliyechapwa jana. Koni ya mwisho aliigusa kidogo tu. Ikayumba, ikainama, ikafikiri, ikaanguka. Ingesimama, ringi ingekuwa yake.

Shemeji alishinda kwa koni hiyo moja. Akaja mbio kuchukua ringi kwenye jiko langu, kwa haraka ya ushindi akasahau kwamba ina mkaa. Sijawahi kusikia mtu mzima akiimba sauti ile. Kidole alicheka mpaka akakaa chini, na watu wote walikunywa chai isiyo na maziwa bila kunung'unika, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi.

Matairi ya bosi yametundikwa ukutani, mapya kabisa. Fundi anayeshika nafasi yake wiki iliyopita alimkatalia mteja aliyeyataka, akamuuliza swali lile. Aliliuliza kwa kujikweza, lakini ameliuliza.

Kidole, asante kwa kila gari lililotoka hapa likafika. Asante kwa niaba ya waliokuwa wamelala kiti cha nyuma na hawakujua ni nani aliyewachagulia. Kapumzike, goti lako likandwe, mkeo akuvumilie, na mluzi ukaupige huko huko kwenu. Tunakuombea siku njema na ndefu.

Na Jumapili ya koni unipitie. Nitakaa pale pale.